Bima ya afya ya familia kazini Marekani: piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujachagua

Mwezi wa Novemba simu yangu hulia kuliko miezi mingine yote. Anayepiga huwa na swali moja: "Kaka, kazini wametuletea bima tatu, mwisho ni Ijumaa, nichague ipi?" Jibu langu ni lile lile kila mwaka: sijui, njoo na makaratasi, nitabandika chai.

Kwetu hatukuzoea kuchagua. Tanzania mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri huongeza 3 nyingine, kadi ya NHIF inatoka. Kenya makato ya SHIF ni asilimia 2.75, utake usitake. Huku Marekani mwajiri anakuwekea mezani mipango miwili, mitatu, hata minne, kila mmoja na bei yake, na ukikosea unaishi na kosa lako miezi kumi na miwili. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua mpango wa bei ya juu kuliko yote, nikiamini kilicho ghali ndicho kizuri. Mwaka mzima familia yangu ilionana na daktari mara tano. Desemba nilipojumlisha makato, chai ilipoa mbele yangu.

Fedha zenyewe si ndogo. Kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2025 wa KFF, taasisi ya Marekani ya utafiti wa sera za afya, bima ya familia ya kazini iligharimu wastani wa dola 26,993 kwa mwaka, na katika hizo mfanyakazi alilipa dola 6,850. Hapo hujaugua hata mafua.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi tatu

Ya kwanza ni orodha ya makato, yaani kiasi utakachokatwa kwenye kila mshahara. Huwa na safu nne: mfanyakazi peke yake, mfanyakazi na mwenza, mfanyakazi na watoto, familia nzima. Soma safu yako, usisome ya jirani. Mama anayelea watoto peke yake asilipie safu ya familia nzima, nami nimeshakutana na anayeilipia.

Ya pili ni muhtasari wa faida za kila mpango, ule unaoitwa SBC. Sheria inalazimisha uandikwe kwa mtindo mmoja na kila kampuni ya bima, kwa hiyo unaweza kuweka miwili kando kwa kando na kulinganisha mstari kwa mstari. Karibu na mwisho utakuta mifano ya watu watatu: Peg anayejifungua, Joe mwenye kisukari na Mia aliyevunjika mguu, na kila mmoja angelipa kiasi gani. Wengi huruka ukurasa huo. Mimi huanza nao. Lakini angalia: SBC haionyeshi makato yako. Anayesoma SBC peke yake huona mpango ghali kama zawadi.

Ya tatu ni kumbukumbu zako za mwaka uliopita. Ingia kwenye tovuti ya bima uliyo nayo sasa, sehemu ya madai, utakuta kila ziara, kila dawa na kila kipimo cha kila mtu wa nyumbani. Kinachotakiwa ni kiasi kilichoruhusiwa, yaani bei ambayo bima na hospitali wamekubaliana. Ile bei ya kwanza iliyotajwa na hospitali isikutishe, haina mtu anayeilipa akiwa ndani ya mtandao, yaani kwa madaktari na hospitali waliokubaliana bei na bima yake.

Hatua ya 2: Maneno yanayobeba pesa

Didaktibo ni kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Kopei ni ada maalumu ya kila ziara au kila dawa, mfano dola 30. Mgao wa asilimia huja baada ya didaktibo kujaa: hapo mnagawana bili na bima, mara nyingi wewe 20, wao 80. Kikomo cha mwaka ndipo mfuko wako unapofungwa. Ukikifikia, huduma zote zinazogharamiwa ndani ya mtandao zinabebwa na bima hadi mwaka wa mpango uishe.

Kikomo ndicho neno muhimu kuliko yote, na ndicho watu hawakiulizi. Kila mtu anauliza didaktibo. Kisheria, kwa mwaka 2026, kikomo hakiwezi kuzidi dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia. Waajiri wengi huweka chini ya hapo, lakini tofauti kati ya mpango na mpango inaweza kuwa maelfu. Kumbuka pia kwamba makato ya kila mshahara hayahesabiwi kwenye kikomo, wala bili za nje ya mtandao kwa kawaida.

Kwa familia kuna mtego. Mipango mingine humpa kila mtu didaktibo yake ndogo ndani ya ile ya familia: mtoto akilazwa, akijaza yake, bima inaanza kumlipia. Mingine inadai didaktibo ya familia nzima ijae kwanza, hata kama anayeumwa ni mmoja tu. Mipango yenye didaktibo kubwa mara nyingi iko hivyo. Uliza HR, yaani idara ya wafanyakazi kazini kwako, swali hilo kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Jambo moja la faraja: chanjo, uchunguzi wa afya wa mwaka, kliniki za ukuaji wa mtoto, kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi na vingine vya kinga ni bure ndani ya mtandao, hata kama didaktibo haijaguswa. Hiyo ni sheria tangu mageuzi ya afya ya mwaka 2010, isipokuwa kwa mipango michache ya zamani. Kwa hiyo usiogope mpango wa didaktibo kubwa kwa sababu ya chanjo za mtoto.

Hatua ya 3: Geuza makato yawe ya mwaka

Hapa ndipo makosa ya kwanza hutokea. Anayelipwa kila wiki mbili hupokea mishahara 26 kwa mwaka, anayelipwa tarehe 15 na mwisho wa mwezi hupokea 24, wa kila wiki 52. Mume na mke wanaofanya kazi kwa waajiri tofauti hulinganisha "150 yangu na 160 yako" kumbe mmoja analipwa mara 26, mwingine mara 24. 150 mara 26 ni 3,900. 160 mara 24 ni 3,840. Aliyeonekana ghali ndiye nafuu. Uliza pia kama wanakata kila mshahara au wanaruka miwili ya mwaka, wapo wanaoruka.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka mitatu ya kubuni

Simaanishi miaka mitatu ijayo. Namaanisha mwaka mmoja ukiwa na sura tatu: mwaka wa heri, mwaka wa kawaida na mwaka wa mkosi. Tuchukue mfano wa baba, mama na watoto wawili, mshahara kila wiki mbili. Namba ni za kufundishia, weka zako.

Mpango Mwekundu ni PPO, aina ya mpango unaokuruhusu kwenda hata nje ya mtandao, kwa bei ya juu zaidi. Makato dola 310 kwa mshahara, yaani 8,060 kwa mwaka. Didaktibo 750 kwa mtu, 1,500 kwa familia. Kopei 30 kumwona daktari. Baada ya didaktibo unalipa asilimia 20. Kikomo 3,500 kwa mtu, 7,000 kwa familia.

Mpango Kijani una didaktibo kubwa na akaunti ya HSA, yaani akiba yako ya matibabu isiyokatwa kodi. Makato dola 150, yaani 3,900 kwa mwaka. Didaktibo 4,000 kwa familia nzima, kisha asilimia 20. Kikomo 8,500 kwa familia. Mwajiri anakuwekea dola 1,000 kwenye HSA.

Mwaka wa heri: ziara nne za mafua na masikio, basi. Mwekundu: 8,060 na kopei 120, jumla 8,180. Kijani: 3,900, ziara nne za dola 150 kila moja ni 600, toa 1,000 ya mwajiri, jumla 3,500.

Mwaka wa kawaida: mtoto kavunjika mkono, bili iliyoruhusiwa dola 4,000, na wengine wamekwenda kwa madaktari na kununua dawa za dola 2,000. Mwekundu: kwa mkono, 750 ya didaktibo na asilimia 20 ya 3,250 ambayo ni 650, yaani 1,400. Wale wengine tuseme kopei zao zimefika 400. Jumla 9,860. Kijani: bili zote ni 6,000. Unalipa 4,000 za mwanzo na asilimia 20 ya 2,000, yaani 4,400. Ongeza makato 3,900, toa 1,000. Jumla 7,300.

Mwaka wa mkosi: mtu mmoja kaugua vibaya hadi kikomo. Mwekundu: 8,060 na 3,500 ni 11,560, na hapo bili za wengine watatu bado. Kijani: 3,900 na 8,500, toa 1,000, ni 11,400, na hapo familia nzima imefika kikomo, hakuna bili nyingine. Wakiugua wawili hadi kikomo, Mwekundu unafika 15,060 na Kijani unabaki pale pale.

Umeona? Mwekundu, mpango wa makato makubwa, umeshindwa katika miaka yote mitatu. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tofauti ya makato, 4,160, unailipa kwa hakika, na didaktibo unailipa ukiugua tu.

Lakini usiondoke na kauli kwamba didaktibo kubwa ndiyo nafuu. Badilisha jambo moja: mwajiri mwingine, mipango ile ile, ila tofauti ya makato ni dola 45 kwa mshahara na hakuna zawadi ya HSA. Tofauti ya mwaka sasa ni 1,170 tu. Mwaka wa heri, Kijani kinaokoa 690. Mwaka wa kawaida, Mwekundu unaokoa 1,430. Mwaka wa mkosi wa mtu mmoja, Mwekundu unakuwa nafuu kwa 3,830. Majina ya aina za mipango, PPO, HMO na kadhalika, hayajabadilika, jibu limegeuka kichwa chini miguu juu.

Mahali pengine pa hatari katika hesabu hii ni katikati. Mpango wa didaktibo kubwa hubana pia pale bili zako za mwaka zinapolingana na didaktibo yenyewe, kwa mfano wetu dola 4,000: umelipa zote wewe, bima haijatoa hata senti. Ukikosa muda wa kupiga hesabu tatu, piga hiyo moja na ile ya kikomo.

Na kuna jambo ambalo kikokotoo hakilijui. Hesabu ya mwaka inaweza kukupendelea, lakini mkono ukivunjika Januari 10, HSA ina zile zilizoingia tu, bili ya 4,000 inakuja yote kwa mkupuo, na juzi tu umetuma pesa za msiba nyumbani. Hospitali nyingi hukubali kulipwa kidogo kidogo kila mwezi ukiomba, tena bila riba, lakini lazima uombe. Kama hujiamini na akiba ya dharura, kulipa makato makubwa kwa mwaka mmoja huku ukijenga akiba si ujinga. Mimi nimewashauri watu wachukue mpango uliowagharimu dola mia nane zaidi, na sijuti.

Hatua ya 5: Kodi, HSA na FSA

Kwa waajiri wengi makato ya bima hutoka kabla ya kodi. Pesa unayomlipa daktari kutoka mfukoni imeshakatwa kodi. Kwa familia iliyo kwenye ngazi ya asilimia 12, ukijumlisha na asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na ya bima ya wazee), inabidi uchume karibu dola 125 ili ulipe bili ya 100. Ndiyo maana Kijani bila kutumia HSA kinapoteza sehemu ya ushindi wake. Pitisha bili kwenye HSA, na pande zote mbili zinakuwa pesa za aina moja.

Kwa bima ya kazini, HSA inaruhusiwa kwa mpango wenye didaktibo kubwa unaokidhi masharti tu. Kwa 2026 familia inaweza kuweka hadi dola 8,750, za mwajiri zikihesabiwa humo. Zinazobaki ni zako, hata ukiacha kazi. California na New Jersey hutoza kodi yao ya jimbo kwenye HSA, kwa hiyo msamaha wa huko ni wa kodi ya shirikisho tu.

FSA, akaunti nyingine ya matibabu unayokatiwa kazini kabla ya kodi, ni ndugu yake mwenye masharti. Kwa 2026 mwisho ni dola 3,400, na usipozitumia kwa wakati nyingi hupotea. Uzuri wake ni huu: kiasi ulichoahidi kinapatikana chote siku ya kwanza ya mwaka wa mpango, hata kama umekatwa mshahara mmoja tu. Kwa anayejua kwamba Februari kuna miwani na meno, hilo ni jambo kubwa.

Tahadhari kwa wanandoa: mwenza wako akiwa na FSA ya kawaida ya matibabu kazini kwake, nawe unapoteza haki ya kuchangia HSA, kwa sababu FSA yake inakuhesabu. Ongeeni kabla ya kila mmoja kujaza fomu yake.

Hatua ya 6: Madaktari na dawa zenu

Mpango nafuu usiomkubali daktari wa mtoto wako si nafuu. Andika majina: daktari wa watoto, wa uzazi, hospitali ya karibu, kliniki ya meno. Tafuta kwenye orodha ya mtandao ya mpango wenyewe, kisha piga simu kliniki uulize kwa jina kamili la mpango. "Mnapokea kampuni fulani?" haitoshi, kampuni moja ina mitandao mingi. HMO na EPO, aina nyingine za mipango, kwa kawaida hazilipi kitu nje ya mtandao isipokuwa dharura, na HMO nyingi hutaka rufaa ya daktari wako wa kwanza kabla ya kumwona bingwa.

Dawa nazo zina madaraja. Dawa ile ile ya pumu inaweza kuwa daraja la kwanza mpango huu, la tatu mpango ule. Mwenye kisukari, presha au pumu nyumbani aanzie hapa kabla ya hatua nyingine zote.

Tangu Januari 2022 sheria inazuia bili za kushtukiza kwa huduma za dharura nje ya mtandao. Gari la wagonjwa la barabarani halimo katika sheria hiyo, la ndege limo.

Kiingereza cha makaratasi haya kinawatoa jasho hata waliozaliwa hapa. Ukipiga simu bima, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu pia zinatakiwa kukupa bila malipo. Usimtumie mtoto wa darasa la tano kutafsiri bili.

Hatua ya 7: Nani aingie, nani abaki nje

Mkifanya kazi wote wawili, pigeni hesabu ya namna zote: wote kwa baba, wote kwa mama, au kila mtu kwake na watoto upande mmoja. Waajiri wengine hutoza ziada kwa mwenza mwenye bima kazini kwake, na ziada hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Watoto wakiwa kwenye bima zote mbili, bima inayolipa kwanza kwa kawaida ni ya mzazi ambaye siku yake ya kuzaliwa hutangulia katika mwaka. Haihusiani na nani mkubwa kwa umri.

Kipato kikiwa cha wastani au chini, kagua kwanza kama watoto wanastahili Medicaid au CHIP, bima za serikali kwa wenye kipato kidogo na kwa watoto, katika jimbo lenu. Wakistahili, mnashuka kutoka safu ya familia hadi ya watu wawili, na tofauti huwa kubwa. Watoto wakubwa wanaweza kubaki kwenye bima yako hadi watimize miaka 26, wawe wameoa au la.

Wazazi sasa. Wengi wetu tumezoea NHIF, ambapo mwanachama aliweza kuandikisha baba na mama miongoni mwa wategemezi wake. Bima za kazini huku, karibu zote, hazimpokei mzazi. Mama akija kukusaidia uzazi, mkatie bima ya wageni kabla hajapanda ndege, maana akiugua akiwa sebuleni kwako, kadi yako haimhusu.

Hatua ya 8: Tarehe

Ukikosa msimu wa kujiandikisha, mlango hufunguka tena kwa matukio maalumu: kufunga ndoa, kupata mtoto, kuasili mtoto, kupoteza bima nyingine. Kwa kawaida una siku 30 tangu tukio, au 60 kama mtu amepoteza Medicaid au CHIP. Mtoto mchanga haingii mwenyewe kwenye bima kwa sababu amezaliwa na mwenye kadi. Lazima umwandikishe ndani ya siku hizo, na ukifanya hivyo bima yake huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Usisubiri cheti cha kuzaliwa wala namba ya Social Security. Andikisha, karatasi zitafuata.

Kwa wenye familia bado nyumbani, hapa panahitaji akili. Umefunga ndoa Moshi mwezi Agosti, viza ya mkeo inatoka Aprili mwaka unaofuata. Zile siku 30 za ndoa zimeisha zamani. Kabla ya kukata tiketi, mwulize HR kwa barua pepe kama mpango wao unahesabu kuwasili kwake Marekani kuwa tukio, na kama hauhesabu, bima yake hadi Januari itatoka wapi.

Ukishabonyeza kitufe cha mwisho, piga picha ukurasa wa uthibitisho wenye majina ya wote walioandikishwa. Halafu mshahara wa kwanza wa mwaka mpya ukiingia, fungua karatasi ya malipo, tafuta mstari wa bima, uzidishe kwa idadi ya mishahara. Isipolingana na ile uliyoiandika Novemba, piga simu HR siku hiyo hiyo.